Mafuta ya Kupuliza kwa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa ndani. Siumwi wala simkimbii mtu. Napenda tu nyumba yangu. Cherehani iko sebuleni, wateja wananifuata wenyewe, redio inaniletea habari za dunia bila kunichosha miguu, na nikitaka kuliona ziwa nasimama mlangoni kwangu hapa Mabatini, nanyoosha shingo juu ya mapaa ya majirani, nakiona kipande chake cha ukubwa wa leso. Kinanitosha. Mke wangu, ambaye hutoka alfajiri kwenda kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, husema siku nikipanda kivuko kwenda Kamanga nitarudi nimebadilisha lafudhi.

Kwa kuwa yeye ndiye anayetoka na mimi ndiye ninayebaki, jiko liliniangukia mimi. Majirani walinicheka miaka ya mwanzo, wakachoka, siku hizi wananiuliza nimetia nini kwenye maharage. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata matokeo ambayo hayakunipeleka mbele wala hayakunirudisha nyuma. Nasema haya ili ieleweke ni mtu wa aina gani aliyekabidhiwa kopo nitakalolisimulia: mtu anayejiamini jikoni kuliko anavyostahili.

Mwaka juzi mama mkwe wangu alivuka ziwa kutoka Sengerema kuja kukaa kwetu. Moyo ulikuwa umeanza kumchosha, na daktari wa mjini alitaka kumwona kila baada ya wiki mbili, kwa miezi minne, mpaka dawa zimkae sawa. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Na kwetu sisi, mama wa mke wako ni mtu unayemheshimu kwa kumpisha. Hamli sahani moja, hamkai mkeka mmoja, humtazami usoni, na kumgusa ndiyo kabisa, hata mkono humpi. Kijijini heshima hiyo ni rahisi. Unamwona kwa mbali, unakata kona. Kwenye vyumba viwili inataka mazoezi ya kijeshi. Tulielewana bila kusemezana kwamba anayetaka kupita akohoe kwanza. Nilikohoa sana miezi ile, mpaka jirani yetu, mama anayeuza mkaa mbele ya nyumba, akaniuliza kama nimeshapima kifua.

Maneno yetu yalipita kwa mke wangu. Mama aliongea chumbani, mimi niko nyuma ya pazia nasikia kila kitu, halafu mke wangu ananigeukia na kunirudia neno kwa neno. Nami nilimjibu yeye, na mama, aliyekwisha kunisikia, alisubiri aletewe jibu.

"Nyie wawili mmenifanya simu," mke wangu alilalamika.

Shida ilianza kwenye sahani. Daktari alisema mafuta yapungue, na mimi, mtu wa kutii maandishi, niliyaondoa yote. Nikachemsha sato kwa nyanya na chumvi kiduchu. Sahani zikawa zinarudi kama zilivyokwenda, samaki kalala vilevile, jicho kanitolea mimi. Mama alikula ugali matonge mawili na kuisukuma sahani. Wiki ya tatu gauni lake lilikuwa linamning'inia, na kama fundi wa nguo nililiona hilo hata kwa kumtazama pembeni pembeni.

"Mwambie mwenzio," nikasikia siku moja, "samaki wa kuchemsha ni wa mgonjwa. Mimi mgonjwa siyo. Nina moyo tu."

"Mama, daktari kasema."

"Daktari hali hapa. Ijumaa napanda kivuko, narudi kwangu nikafe nimeshiba."

Mke wangu alikuja jikoni, akasimama mbele ya sinia la mchele kama anauchambua, na machozi yakamdondokea humo humo. Daktari alikuwa amemwambia wazi: mama akiacha dawa katikati moyo hautamvumilia, na akizimeza bila kula zitamzidi nguvu. Basi kazi yangu ikawa moja tu, kumfanya mama ale kabla ya Ijumaa, tena ale kitu chenye ladha ya kukaangwa bila kukaangwa.

Jumatano akaja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayepika hotelini Dar. Alikuja kumwona mama kwa siku moja, akaondoka na ndege ya jioni, akaniachia kopo. Lilikuwa jembamba, refu, la rangi ya njano, na juu yake picha ya kikaango kinachong'aa.

"Shemeji, haya ni mafuta ya kula. Unapuliza."

"Napuliza kwa mdomo?"

"Wewe nawe! Unabonyeza hapa. Kidogo tu. Usije ukaninyunyizia kabatini ukidhani dawa ya mende."

Alinifahamu vizuri. Jioni ile, alipokwisha kuondoka, niliweka kikaango juu ya jiko la mkaa, nikabonyeza. Fssss.

Hapo inabidi nieleze tabia ya nyumba yetu. Tunakaa karibu na ziwa, mbu wetu wana bidii, na kitu pekee kilichowahi kusema fssss ndani ya nyumba ile ni dawa ya kuwaua. Sheria yake kila mtu anaijua: unasikia mlio, unabana pumzi, unatoka, mlango unafungwa, mnarudi baada ya nusu saa. Mke wangu alikuwa sebuleni. Bila hata kunitazama aliinuka, akachukua simu yake, akafunga madirisha na kutoka. Nikasikia mlango wa chumbani unafunguliwa. Mama naye huyo, kanga puani, mwendo wa haraka ambao sikuwa nimeuona tangu afike. Wakasimama nje pamoja na jirani wa mkaa, wanangoja mbu wafe.

Dakika kadhaa zikapita, harufu ya samaki ikaanza kuwafikia.

"Mbona inanukia chakula?" jirani akauliza.

"Napika!" nikapiga kelele kupitia dirishani.

Nikawaona wanatazamana.

"Anapika kwa dawa ya mbu?" jirani akasema. "Jamani, wenzetu wamemaliza kuua mbu, sasa wanahamia kwa wakwe."

Nilikuwa nimeduwaa mbele ya kikaango. Tangu nianze kupika najua mafuta kama kitu kizito, kinachomiminika, kinachotulia chini na kukungoja. Haya yalikuja kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa, yakakaa juu ya chuma kwa wembamba wa pumzi kwenye kioo, nikaona uso wangu humo, mjinga na wenye furaha. Kopo likawa la baridi mkononi, baridi ya kweli, huku mbele yangu mkaa unawaka. Nikamlaza sato. Hakushika! Nilimgeuza kwa ncha ya kisu, ngozi imekuwa kahawia kama mkate, na chini yake hakuna hata tone la kumwaga. Nimeona mambo machache maishani, nakubali, lakini siamini waliotembea sana wameona mengi kulizidi lile.

Sahani ilirudi na miiba mitupu. Mke wangu aliiweka juu ya meza tukaitazama wote wawili kama cheti.

Ijumaa kivuko kiliondoka bila yeye.

Lakini maneno ya jirani hayakuondoka. Alikuwa mtu wa kuja asubuhi kuulizia hali: "Mama kaamka? Anaona vizuri? Halegei miguu?" Siku ya tatu mama mwenyewe akalileta swali kwa njia ya kawaida.

"Muulize mwenzio. Hicho anachonipulizia kinaniua polepole au kwa haraka? Kama ni polepole, aongeze samaki."

Nilicheka, kisha usiniulize usingizi ulikwenda wapi. Swali lilikuwa la kweli. Nilikuwa namlisha mtu mwenye moyo mbovu kitu kilichotoka kwenye kopo la aina ileile tunayoulia mende, kwa sababu tu kilipendeza machoni. Nikalichukua kopo, kamusi yangu ya shule na miwani, nikakaa navyo mchana mzima huku sketi ya mteja inanisubiri. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Nilipata mafuta ya mbegu, nikapata kitu cha soya cha kuzuia kushika, halafu nikapata majina mawili niliyoyakumbuka vizuri kutoka darasa la kemia. Ni gesi zilezile za mtungi wa kupikia. Nikaliweka kopo mezani taratibu sana, nikasogeza kiti nyuma.

Wiki ya kliniki ilipofika mke wangu hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo nikatoka mimi. Nimesema nikatoka, mtaa mzima ulisimama kushuhudia. Mama alitangulia, mimi nyuma yake hatua ishirini, kopo kwenye mfuko wa kitambaa, kama mtu anayemfuata mama wa watu kwa nia mbaya. Hospitalini nilimpisha akakaa benchi la mbele, mimi nikakaa la nyuma, na zamu yake ya kuonana na nesi wa lishe ilipofika, niliingia nikasimama karibu na mlango.

"Baba, mbona umesimama huko?" nesi akauliza. Alikuwa mwanamke wa umri wa kati, mcheshi, kalamu kaichomeka kwenye nywele.

"Ni mama mkwe."

"Aa. Basi simama hapo hapo. Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akampima uzito, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Kisha nikamrushia swali langu kutoka mlangoni, na kopo nikalitelezesha juu ya meza. Alilizungusha kulisoma, bila kamusi.

"Kwa kula halina tatizo," akasema. "Mafuta ni mafuta. Gesi inayasukuma tu yatoke; ikishatoka inapaa na kwenda zake, kwenye samaki haikai. Tumbo la mama halina habari nayo."

Nikapumua. Hata mgongo wa mama, ambao ndio niliokuwa nautazama, uliteremka kidogo.

"Ila nionyeshe unavyopuliza."

Nikainua kidole gumba hewani na kubonyeza. Fsssssssss.

Nesi alicheka mpaka kalamu ikadondoka. "Baba, hiyo si kupuliza, hiyo ni kuzima moto! Ona hapa, wameandika mafuta sufuri. Unajua kwa nini? Wamehesabu kugusa tu, chini ya kupepesa jicho. Wewe hapo umeshamwaga kijiko kizima. Gusa, acha."

"Nimeelewa."

"Na kikaango kinakuwa wapi unapopuliza?"

"Juu ya jiko."

"Jiko gani?"

"La mkaa."

"Linawaka?"

"Linawaka."

Akaacha kucheka. Alinitazama usoni kwa muda, hasa juu ya macho. "Nyusi bado unazo," akasema. "Mshukuru Mungu wako. Ule ukungu ni gesi na mafuta, ukikutana na moto unawaka mpaka mkononi kwako. Epua kikaango kwanza, nenda nacho mbali, puliza, ndiyo urudi. Na usipulize karibu na mama akauvuta, kifua chake hakihitaji mafuta. Halafu ndani ya kopo hili gesi imebanwa. Likae mbali na joto. Joto likiliingia, kilichomo hakina pa kwenda."

Nilirudi nyumbani nikiwa msomi. Nilimweleza mke wangu yote, kwa ishara na kwa milio, alipotoka kazini miguu imemvimba kwa kusimama. Kazi ya kumweleza mama ilikuwa yake. Mimi ningeanzaje kumfundisha mama mkwe namna ya kutumia kitu? Nikasikia kupitia pazia:

"Mama, nesi kasema mafuta yale ni salama."

"Si nilikuwepo."

"Basi."

Ndivyo somo zima lilivyofika. Na kweli mama alikuwepo, lakini alikuwa amesikia sehemu ya kwanza, ile ya tumbo. Nilipokuwa nikionyesha vituko vya kidole gumba alikuwa amegeukia ukutani kwa aibu yangu, na yaliyofuata aliyachukua kama mazungumzo yangu na nesi, yasiyomhusu mtu mwenye adabu.

Ukaja mwezi wa saba na kibaridi chake. Mama alikuwa ameanza kupata nguvu, anafagia uwanja kabla hatujaamka, anabishana na jirani juu ya ubora wa mkaa. Sahani zilikuwa zinarudi safi. Kliniki zilibaki mbili.

Wanaoishi huku wanajua kinachotokea kwa mafuta ya kula miezi ile. Yale ya dumu, tunayopimiwa dukani, huamka asubuhi yameganda meupe kama samli, ukigeuza chupa hakitoki kitu. Hakuna anayehangaika. Unawasha jiko, unaegesha chupa kando yake wakati mkaa unashika, unapangusa meza, na ukirudi mafuta yameyeyuka. Mama yangu alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo, sijui nyumba isiyofanya hivyo.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Niliamka kwa harufu ya mkaa, nikajifunga kitenge cha mke wangu juu ya kaptula, maana ndicho kilichokuwa karibu, nikatoka uani huku nakohoa kikohozi cha kuomba njia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, ananipa mgongo, anapepea moto kwa kifuniko cha ndoo. Pembeni yake sato wawili wamekatwa mistari, tayari. Alikuwa ameamua kutupikia. Na kando ya jiko, limeegeshwa kwenye bati lake kabisa, likiguswa na joto upande mzima, limesimama kopo langu la njano. Mimi ndiye niliyeliacha dirishani usiku uliopita, mimi mwenye elimu.

Nilisimama. Nililiona tako la kopo, lile lililobonyea ndani, limeanza kutoka nje kama kitovu.

"Mama," nikasema. "Ondoka hapo."

Fikiria alichokisikia. Mkwe wake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, anamsemesha moja kwa moja, tena kwa amri, tena kavaa kitenge cha mwanawe. Alifanya alichofundishwa tangu utoto: aliinamisha kichwa, akajifunika uso kwa kanga, akageukia upande wa pili. Yaani alizidi kulisogelea jiko.

"Mama, toka! Litapasuka!"

"Kohoa kwanza, baba," akasema kwa upole toka ndani ya kanga. "Nikupishe vizuri."

Miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta nimevuka uwanja, nimepitisha mkono mmoja chini ya magoti yake na mwingine mgongoni, nimemwinua mama mkwe wangu kama mtoto. Uani kwetu kuna jiwe kubwa, kama nyumba nyingi za huku mlimani, ambalo mwenye nyumba alishindwa kulivunja akajenga kwa kulizunguka. Nikakimbilia nyuma yake. Katika hatua zile saba au nane nilifikiria jambo moja tu, na halikuwa moto. Nilifikiria jinsi alivyo mwepesi. Wiki zote zile za sahani safi, na bado alikuwa mwepesi kama gauni lisilo na mtu ndani. Nikaogopa kuogopa ambako sijawahi.

Kisha likapasuka.

Sikuusikia mlipuko kwa masikio, niliusikia kwa meno. Juu ya jiwe ukapanda moto ambao sina cha kuulinganisha nao, duara moja la rangi ya machungwa, mkubwa kuliko paa, usio na kuni wala mkaa chini yake, ukajikunja, ukalamba hewa na kumalizika. Pumzi moja tu, kisha anga ni lilelile la asubuhi na ndege wameacha kulia. Vipande vya mkaa vikaanza kunyesha juu ya mabati, tik, tik, tik. Nilikaa pale kinywa wazi. Kilichokuwa ndani ya kopo lile ningekificha ndani ya mkono wa shati. Nilikuwa nimekibeba kwenye mfuko mpaka hospitalini.

"Baba," sauti ikasema chini ya kidevu changu. "Nishushe."

Nilimshusha. Kanga ya kichwani ilikuwa imedondoka. Nikageuka nikatazama ukuta, nikavua kile kitenge na kumpa kwa nyuma, ajisitiri kichwa. Akakipokea.

"Nilidhani yameganda," akasema, naye anautazama ukuta wake. "Nililiinamisha kopo kama chupa, likapumua tu, halikutoa kitu."

Likiinamishwa linatoa gesi peke yake, hilo nilielewa papo hapo. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa kwa mafuta yote anayoyajua.

Majirani walijaa. Jiko lilikuwa limepinduka na kupasuka upande, samaki mmoja tulimkuta juu ya paa, kopo lilikuwa limejichoma kwenye bati la bafu likakwama. Jirani wa mkaa aliangalia vyote hivyo, kisha akaniangalia mimi na kaptula yangu.

"Nilikuona kwa tundu la ukuta," akasema. "Umembeba."

"Lingemuua."

"Najua. Lakini umembeba!"

Mlipuko ulisahaulika kabla ya saa nne. Kubeba hakukusahaulika, mpaka watu wa bondeni walikuja kuuliza nilimshika wapi. Mama aliingia chumbani akafunga mlango. Niliweka uji mlangoni, nikakohoa, nikaondoka. Uji ukapoa. Mchana niliweka ugali na mboga za majani, nikakohoa kwa sauti ya unyenyekevu mkubwa. Ugali ukakauka. Nilikaa kwenye cherehani bila kushona hata mshono mmoja. Niliona nimemtoa kwenye moto ili nimuue kwa njaa, na kwamba kesho atapanda kivuko, kliniki mbili kabla ya kumaliza, kwa sababu hakuna mama anayeweza kukaa nyumba moja na mkwe aliyempakata.

Mke wangu alirudi saa tisa akiwa ameshaambiwa yote njiani, na watu watatu, kwa namna tatu. Alinishika mikono, akaikagua, akazitazama nyusi zangu. Kisha akaingia kwa mama. Walikaa humo muda mrefu. Nilisikia kucheka, nikadhani ni kilio.

Alipotoka alikuwa amejikaza uso.

"Anaondoka?" nikauliza.

"Hajasema."

"Kasema nini?"

"Kauliza kama kila siku unalala na kaptula ile yenye kiraka, na wewe ni fundi."

"Mke wangu, tafadhali."

"Kasema mtu akishakubeba kama gunia la mihogo, kukoholeana tena ni kudanganyana. Kasema uwashe jiko. Anakuja kukaa uani, anataka kuona kwa macho yake kinachoingia kwenye chakula chake."

Tuliazima jiko kwa jirani. Niliwasha, nikaepua kikaango, nikachukua chupa ya mafuta ya dumu na kijiko cha chai. Nilipima kijiko kimoja mbele ya watu wote, nikakisambaza kwa kitambaa safi mpaka chuma kikang'aa. Ukungu ule bado naukumbuka, na siuombei mabaya. Anayeniuliza namjibu alivyojibu nesi, kwamba tumbo halina ugomvi nao. Ugomvi ni wa moto, wa mapafu na wa kidole gumba. Lakini nyumba inayoyeyusha mafuta kwa kuyaegesha motoni haifai kuwa na kopo lile, na hiyo ni nyumba yangu.

Mama alitoka na kigoda chake. Alikaa hatua tatu kutoka kwangu, uso ameuelekeza pembeni kidogo, kiasi cha heshima inayoweza kubaki baada ya asubuhi kama ile. Nilikaanga sato wawili kwa moto mdogo. Nikampakulia mmoja, nikataka kumpa mke wangu ampelekee, lakini mkono wa mama ulikuwa umeshanyooshwa. Nikampa mwenyewe. Akamega, akatafuna, akafikiri.

"Mkwe," akasema. Hakumwambia mtu aniambie. "Mafuta hayatoshi. Ongeza kidogo."

"Daktari, mama."

"Daktari hajanibeba. Wewe unajua nilivyo mwepesi."

Nilijua. Mikono yangu ilikuwa inajua kuliko mtu yeyote duniani. Nilikishika kijiko, nikaitazama chupa, nikamtazama mke wangu ambaye aligeukia ukutani kwa makusudi, aniache peke yangu. Nikakiweka kijiko chini. Nikakata ndimu, nikaikamua yote juu ya samaki, nikaongeza pilipili na kitunguu kibichi, nikamwekea na sato wa pili pembeni.

Mama aliinusa ile ndimu. Kisha akavuta sahani karibu.

"Mbishi huyu," akamwambia binti yake, na akala.